Wimbo Haujakatwa: Dhana Potofu Kuhusu Santuri, Kaseti na Sauti Iliyorekodiwa

Wiki chache zilizopita mama mmoja kutoka Urambo aliniletea sahani ndogo ya santuri, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyokuwa ya marehemu mumewe, akaomba niihamishie kwenye flashi ili wajukuu waisikie. Baada ya siku mbili alirudi dukani hana raha. "Fundi, wimbo umeukata. Unafifia katikati, halafu unaanza upya." Nilimwonyesha karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani: upande mmoja umeandikwa sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Hakuridhika mpaka nilipoiweka sahani kwenye mashine, nikashusha sindano mbele ya macho yake, na gitaa likafifia palepale lilipofifia kwenye flashi. Nimeyaeleza haya kwa wateja wengi mno hapa Tabora, mmoja baada ya mwingine, na sasa nayaandika.

Lalamiko la mama huyo linatokana na imani inayonisumbua kuliko zote, nayo ni kwamba mashine ya kurekodi ilikaa pembeni, ikausikiliza muziki na kuuhifadhi kama ulivyopigwa, hivyo kilichomo ndani ya santuri ndicho wimbo wenyewe, kamili. Tangu Thomas Edison alipotengeneza fonografu yake mwaka 1877, mashine haijawahi kukaa pembeni. Wanamuziki ndio walioifuata mashine, wakakata, wakapunguza na kupanga upya walichokuwa wakikipiga ili kiweze kuingia ndani yake.

Chukua sauti yenyewe. Hadi mwaka 1925, maikrofoni ilipoanza kutumika kurekodia santuri za biashara, sauti ilinaswa bila msaada wa umeme. Waimbaji na wapigaji walijibana mbele ya pembe kubwa la bati; nguvu ya pumzi na ala zao ndiyo iliyotikisa kiwambo, na kiwambo kikaisukuma sindano ichore mfereji kwenye nta. Ngoma kubwa ilikuwa hatari kwa sababu mshindo wake uliweza kuirusha sindano nje ya njia yake, kwa hiyo iliwekwa mbali au ikaachwa kabisa. Fidla ilikuwa na sauti ndogo mno kwa pembe hilo, ndiyo maana ikaundwa fidla ya pekee yenye pembe lake la bati badala ya sanduku la mbao. Mwimbaji alipokaribia sauti ya juu alirudi nyuma hatua moja asije akaiharibu kazi nzima. Mteja anaponiambia kwamba waimbaji wa zamani walikuwa na sauti nyembamba za puani, namwomba akumbuke kwamba nusu ya anachokisikia ni bati.

Hata hivyo, kilichoubadilisha muziki zaidi ni muda. Sahani ya mizunguko 78 yenye kipenyo cha inchi 10 ilibeba takriban dakika 3 kwa upande mmoja, na silinda za nta zilizotangulia hazikuwa na nafasi kubwa zaidi. Mwaka 1909 mtaalamu wa Berlin, Erich von Hornbostel, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa fonografu, na hazina ya silinda za Berlin imo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu mwaka 1999. Ni hazina ya thamani kubwa, nami ningetamani kila mtoto wa Tabora aisikie. Lakini aliyelelewa Unyamwezi anajua kwamba ngoma inaweza kuanza jioni ikakesha, manyanga yakiongeza kasi kadiri wachezaji wanavyopata moto, na kiongozi akitunga maneno papo hapo kwa kumtazama aliyeingia uwanjani. Dakika mbili au tatu za ngoma ya namna hiyo ni kibaba kimoja kilichochotwa ghalani. Siti binti Saad naye, alipovuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi kwa kampuni ya HMV, alikutana na kipimo hichohicho. Katika hafla ya taarab ubeti hurudiwa, mtu akanyanyuka kwenda kumtuza mwimbaji, na mwimbaji akamrudishia mstari unaomgusa. Studio haina wa kutuza, na nta ikiisha, wimbo umekwisha.

Bendi zetu za dansi zilikikuta kizuizi hicho na kukigeuza kuwa mtindo. Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi ambazo wazee wa mji huu wanazitaja kwa fahari mpaka leo, zilikulia ukumbini, ambako wimbo uliendelea maadamu watu walikuwa bado wanacheza. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, hivyo sahani nyingi za muziki wa Tanzania zilifyatuliwa Nairobi, na sahani ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kubeba wimbo wa ukumbini kwa upande mmoja. Ndipo ikazoeleka beti za taratibu, zenye kisa na mafunzo, kuwekwa upande wa kwanza, na chemko, pale gitaa la solo na tarumbeta zinaposhika usukani, kuwekwa upande wa pili. Watunzi walizoea kuutunga wimbo ukiwa na mkato tumboni mwake. Kwa sababu hiyo siziunganishi sehemu mbili kuwa faili moja, hata mteja akinibembeleza: kufifia kule ni sehemu ya historia ya wimbo, na anayekufuta anafuta ushahidi wa jinsi ulivyotungwa.

Madhara ya imani hii hayaishii dukani kwangu. Katika harusi moja nilimsikia mshereheshaji kijana akiwaambia wanamuziki wazee, mbele ya wageni, kwamba wanaukosea wimbo kwa sababu waliongeza ubeti ambao haumo kwenye rekodi. Ninalisema hili kwa uchungu. Walichokirekodi alasiri moja, kwa haraka, wakichungulia saa ya ukutani, kimegeuka sheria ya kuwahukumu wenye wimbo. Kabla ya fonografu hakuna mtu aliyewahi kumsikia mwimbaji mmoja mara mbili bila tofauti hata kidogo, na wimbo ulikuwa na mahali pake: wa mavuno shambani, wa harusi harusini, wa msiba msibani. Leo wimbo wa kumtoa mwari unasikika ndani ya basi la Nzega Jumatatu asubuhi, na hakuna abiria anayeshangaa. Mabadiliko hayo ya kila siku ni makubwa kuliko mashine yoyote ninayoifungua mezani.

Dhana nyingine nitazipitia kwa kifupi. Wapo wanaosema Edison ndiye wa kwanza kunasa sauti. Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alisajili mwaka 1857 chombo kilichochora mawimbi ya sauti kwenye karatasi yenye masizi. Edison ni wa kwanza kuifanya sauti iliyonaswa isikike tena. Sahani bapa tuliyoizoea ni ya Emile Berliner, mwaka 1887.

Wapo pia wanaodai kwamba santuri ziliua muziki wa jukwaani. Kuanzia mwaka 1933 HMV iliuza barani Afrika mfululizo wa sahani za muziki wa Kuba uliojulikana kama GV, na rumba ya Kongo ilijengwa kwa kuzisikiliza. Rumba hiyo ikatufikia na kuwa shule ya wapiga gitaa wetu. Santuri iliwafundisha wengi ambao hawakuwa na mwalimu.

Na wapo wanaoamini kwamba sindano yoyote inafaa kwa sahani yoyote. Sahani za mizunguko 78 zina mifereji mipana na zinahitaji sindano nene kuliko ya 45. Nyingi ni za utomvu wa wadudu, hazistahimili kuanguka, na spiriti huziyeyusha. Tumia maji kidogo na kitambaa laini, karatasi ya katikati isilowe.

La mwisho ni kwamba kaseti ikishahamishwa, itupwe. Hapana! Flashi hufa ghafla bila dalili. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, huchakaa polepole na mara nyingi hutengenezeka. Ndiyo iliyowawezesha watu wa kawaida kujirekodi, wakatumiana salamu za sauti kati ya Kigoma na ndugu waliokwenda mbali. Nimefungua kaseti ambayo mzee anakohoa kidogo kabla ya kuwataja watoto wake mmoja mmoja, na kikohozi hicho ndicho familia ilichoomba nisikisafishe. Kwa hiyo omba faili lisilobanwa, si la MP3 peke yake (hilo hubanwa kwa kuacha baadhi ya sauti), weka nakala mahali pawili, na kaseti yenyewe uisimamishe wima ndani ya kasha, mbali na jua na mbali na spika, kwa kuwa sumaku ya spika hufuta. Ikigoma kucheza, angalia kwanza kisponji kidogo kinachoukandamiza utepe kwenye hedi, kile kichuma cha mashine kinachousoma utepe. Mara nyingi kimebanduka tu, na kurudishiwa kwake ni kazi ya dakika kumi. Utepe ukinaswa mashineni usiuvute. Zima mashine uilete kama ilivyo, kaseti ikiwa bado ndani.