Je, wajua kwa nini alama ya mionzi iliongezewa fuvu na mtu anayekimbia?

Ukifika idara ya eksirei katika hospitali kubwa, huenda ukaiona mlangoni: kiduara cheusi katikati, mapanga matatu meusi yamekizunguka, na nyuma yake manjano iliyokolea. Mtaalamu wa mionzi akiiona anajua hapo si pa kukaa ovyo. Wengine wetu tunaona pangaboi. Wala si kosa letu, kwa sababu hakuna kitu katika mchoro ule kinachodokeza kuungua, kuugua wala kufa.

Alama hiyo ilibuniwa mwaka 1946 katika maabara ya mionzi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani. Nels Garden, aliyekuwa akiongoza kikundi kilichoibuni, alieleza miaka kadhaa baadaye kwamba watu walileta michoro tofauti, na uliowavutia zaidi ulikusudiwa kuonyesha nguvu inayochomoka kutoka kwenye atomu. Rangi za mwanzo zilikuwa urujuani mwekundu juu ya buluu. Manjano ilikuja baadaye. Kwa watu wa maabara hiyo ilitosha kabisa. Mionzi haionekani, hainuki, haina sauti, basi utaichoraje? Wakachora atomu, na kila aliyekuwa pale aliielewa.

Mambo yaliharibika pale mashine zenye vyanzo vya mionzi zilipotoka mikononi mwa wanaozijua na kuangukia kwa watu wa skrepa. Mashine ya kutibu saratani ni nzito, ina chuma kizuri na madini mengi ya risasi ya kukinga mionzi. Kwa anayeishi kwa kuuza chuma chakavu, hiyo ni bahati imemwangukia.

Septemba 1987, huko Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia katika jengo la kliniki iliyohama na kuacha mashine yake nyuma. Wakang'oa sehemu yenye chanzo cha mionzi, wakaiuza kwa mwenye yadi ya skrepa. Ndani mlikuwa na unga wa sizi-137, madini yanayotoa mionzi, na usiku unga huo ulitoa mwanga wa buluu. Mwenye yadi aliona kitu cha ajabu, akaita ndugu na majirani waje kutazama. Vipande vidogo kama punje za mchele viligawiwa, na wengine wakajipaka mwilini. Watu wanne walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi.

Ajali ya Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000, ndiyo inayoiumbua alama yenyewe. Hapo mashine kuukuu yenye kobalti-60, nayo ni madini ya mionzi, ilifika yadi ya skrepa, ikakatwa, na watu watatu wakafa. Yale mapanga matatu yalikuwepo kwenye chuma, ila waliokishika hawakuyaelewa, na hapakuwa na onyo kwa Kithai. Mtu alikuwa na alama ya hatari mbele ya macho yake na bado akaendelea kukata.

Ndipo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, yalipotafuta mchoro wa kumwonya mtu asiyejua lolote kuhusu atomu. Kazi ilichukua miaka mitano. Kampuni ya utafiti wa maoni ya Gallup iliwaonyesha michoro watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwemo, pamoja na Brazili, India, Moroko, Saudia, China na nyinginezo. Matokeo yalitangazwa Februari 2007: pembetatu nyekundu, juu yapo yale mapanga matatu, yakimwaga mawimbi kuelekea chini, upande mmoja fuvu na mifupa miwili, upande wa pili mtu anatimua mbio, na mshale unamwonyesha njia.

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Alama ya 1946 inataja kitu tu. Hii mpya inasimulia kisa kizima bila herufi hata moja: kuna kinachotoka humu, kinaua, kimbia. Ukilisahau pangaboi, au hukuwahi kulijua, vile viwili vya chini vinakutosha kuokoa maisha.

Kwa nini basi hawakuweka fuvu peke yake? Sisi tumelizoea kwenye vibati vya HATARI vya transfoma na nguzo za umeme, tukadhani dunia nzima inalisoma vivyo hivyo. Haiko hivyo. Mwaka 1971 hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilibuni kibandiko chake cha sumu, uso wa kijani uliokunja ndita na kutoa ulimi. Watoto wa huko walikuwa wakihusisha fuvu na maharamia wa baharini, tena timu ya besiboli ya mji wenyewe inaitwa Pirates, yaani maharamia. Chupa yenye fuvu iliwavutia badala ya kuwatisha. Nami naona hapo ndipo wabunifu wengi wa alama hujikwaa: wanamaliza kuchora, wanaulizana wao kwa wao ofisini, wote wanaelewa, kazi inapelekwa kiwandani.

Alama ya zamani haikufutwa. Bado ndiyo ya milangoni na kwenye vifurushi vinavyosafirishwa. Ile nyekundu imetengwa kwa vyanzo vikali, vinavyoweza kuua au kujeruhi vibaya: mashine za kutibu saratani, za kuua vijidudu kwenye vyakula, na za kupiga picha viungio vya chuma viwandani. Tena hubandikwa ndani, kwenye kasha lenye chanzo au chini ya kifuniko, mahali ambapo mgonjwa na mhudumu hawapaoni katika matumizi ya kawaida. Anayekusudiwa ni yule aliyekwisha kuanza kufungua boliti.