Kurudia-rudia si OCD

Huyu ni mzazi wa tatu mwezi huu. Kaketi, kanipa simu, na kabla video haijaanza keshatoa hukumu: "Daktari, mwanangu ana OCD." OCD ni ugonjwa wa akili: mawazo yanayomng'ang'ania mtu, na vitendo anavyojiona lazima avifanye ili kuyatuliza. Kwenye video mvulana wa miaka saba anapepesa macho, anapandisha bega la kushoto, anakohoa kikohozi kikavu. Umejuaje ni OCD, mama? "Si anarudia-rudia?"

Hapo ndipo ninapochoka. Hata moyo unarudia-rudia.

Dhana: kitendo kikijirudia na mtu akashindwa kukiacha, hiyo ni OCD.

Alichonacho kijana yule ni tiki, yaani miondoko au sauti za ghafla zinazomtoka mtu bila kukusudia. Ukitaka kuzitofautisha, angalia kilichotangulia kitendo. Tiki hutanguliwa na hisi ya mwilini: muwasho, mkazo, kitu kinachokereketa kooni, kama chafya inayojikusanya puani. Ikitoka, unapata nafuu, basi. Shuruti ya OCD, yaani kile kitendo anachojiona lazima akifanye, hutanguliwa na wazo, na wazo hilo limebeba hofu: mikono yangu ina uchafu utakaomuua mdogo wangu, jiko sikulizima, udhu umetenguka. Watu wa Pwani wanalijua hili tangu zamani. Yule mzee anayetawadha mara sita mpaka imamu anatoa salamu yeye bado yuko birikani, humwita mtu wa wasiwasi, na hawakukosea. Mkono haumuwashi mzee yule. Anaogopa sala yake haitaswihi.

Sasa chukua watoto wawili, kila mmoja hagusi mlango mara moja tu akipita, lazima arudie. Usihesabu wanagusa mara ngapi. Uliza: "Usipogusa, itakuwaje?" Mmoja atajibu, "Mkono unanisumbua mpaka niguse." Mwingine atanyamaza, kisha kwa sauti ya chini: "Mama atakufa." OCD anayo huyu wa pili. Kwangu swali hilo linazidi video 20, ila muulize mtoto mkiwa wawili, si mbele ya shangazi zake wote.

Mwendo wa tiki nao husaidia kuzitambua. Tiki nyingi huanza kati ya miaka 4 na 6, huwa kali zaidi kwenye 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Huhamahama: leo macho, baada ya miezi bega. Na ni ya ghafla, imekuja imekwenda, ilhali shuruti ina taratibu zake na inaweza kummaliza mtu saa nzima bafuni.

Wapo wa katikati, wanaopanga viatu mpaka "vikae sawasawa" bila kuogopa lolote. Tena wengi wenye Tourette, yaani tiki za miondoko na za sauti zinazodumu zaidi ya mwaka, wana OCD pia. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa mwaka 2013, inataka tubainishe OCD ya mtu mwenye historia ya tiki. Hao hawatenganishwi kwa swali moja, na mwenzangu anayedai anaweza ana haraka ya kwenda chakula cha mchana.

Nang'ang'ania tofauti hii kwa sababu ya tiba. OCD tunaitibu kwa kumzoesha mtu kuikabili hofu bila kutekeleza shuruti, pamoja na dawa kama fluoksetini, ambayo yaweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake. Dawa hiyo haitibu tiki. Kwa tiki tunafundisha mwendo wa kupinga: bega likitaka kupanda, mtoto analishusha na kulikaza hapohapo mpaka hamu ipite. Zikizidi, kuna klonidini na nyinginezo. Mtoto asiyesumbuliwa na tiki zake simpi dawa yoyote. Mara nyingi anayesumbuka ni mama, na mama nampa chai.

Dhana: anafanya makusudi, maana shuleni hafanyi.

Jaribu kutopepesa macho kwa dakika mbili, halafu tuongee. Mtoto anazibana tiki zake kutwa darasani, akifika nyumbani zinamwagika. Kiboko hakisaidii, na hata ule msemo wa "Acha hiyo!" unamkumbusha, na akikumbushwa zinakuja. Msizitaje. Hata mezani. Hata bibi akija.

Dhana: Tourette ni ugonjwa wa kutukana.

Georges Gilles de la Tourette alieleza wagonjwa 9 mwaka 1885, na dunia ikashika matusi tu. Kati ya wagonjwa 10, wenye kutoa matusi ni mmoja au wawili.

Dhana: OCD ni kupenda usafi.

Mpenda usafi akimaliza kudeki anafurahi. Mwenye OCD ananawa huku analia.

Dhana: ni kifafa, au ni majini.

Majini nawaachia wenyewe. Kuhusu kifafa: mwenye tiki anajitambua, anakusikia, na akitaka anaweza kuizuia kidogo. Ila mtoto akipotewa na fahamu, akikodoa macho bila kukujibu, au miondoko ikianza baada ya kupewa dawa mpya, usirekodi video ya pili. Mlete siku hiyohiyo.