Tableti inazima na kuwaka yenyewe katikati ya kureseti: dhana potofu na ukweli

Tableti ikianza kuzima na kuwaka yenyewe, ushauri wa kwanza utakaoupata ni kuireseti, yaani kuifuta na kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Ikizima katikati ya kureseti, ushauri wa pili ni kuireseti tena. Watu wanashinda kutwa nzima wakirudia amri ileile, na wengine wanapoteza picha ambazo bado zilikuwa zinaokoleka. Inaniuma, maana mara nyingi tableti yenyewe imeshaonyesha ugonjwa wake. Angalia inazima ikiwa imefika wapi. Pale inapokatikia ndipo utakapojua kama uanze na betri, kitufe, mfumo au hifadhi.

"Kureseti kunaweka mfumo mpya"

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Hifadhi ya tableti imegawanywa. Kuna sehemu ya mfumo wenyewe, yaani programu kuu inayoiendesha tableti, na kuna sehemu ya data yako: programu ulizoweka, picha, ujumbe, akaunti, mipangilio. Kwenye Android, kurejesha mipangilio ya kiwandani kunafuta hiyo sehemu ya data pamoja na faili za muda, basi. Sehemu ya mfumo haiguswi. Ndiyo maana tableti iliyotoka kiwandani na Android 11, ikasasishwa hadi 13, ukiireseti inaamka na 13.

Kwa hiyo kama kilichoharibika ni faili za mfumo, pengine kwa sababu chaji ilikata katikati ya sasisho, utareseti mpaka uchoke na tableti itarudi kuzima kwenye nembo ileile inayotokea ikiwaka. Kufagia nyumba hakuzibi ufa wa ukuta. Kinachotakiwa hapo ni kuuweka mfumo upya, kazi ambayo wengi wanaiita kuflashi. iPad nayo ni hivyo hivyo: kufuta kila kitu kupitia mipangilio kunaharibu funguo za usimbaji fiche (siri zinazoifanya data isomeke) na kuuacha mfumo ulivyo. Mfumo mpya unaingia pale unapoichomeka kwenye kompyuta na kuirejesha kutoka huko.

"Imezima na kuwaka wakati wa kureseti, basi imekufa"

Kuzima na kuwaka ni sehemu ya kazi yenyewe. Ukibonyeza kukubali kwenye mipangilio ya Android, tableti inaandika amri ya kufuta mahali padogo pa pekee kwenye hifadhi, kisha inajizima. Inawaka ikiwa kwenye hali ya urejeshaji, yaani sehemu ndogo ya matengenezo isiyowasha mfumo wenyewe, inaisoma amri, inafuta. Ikimaliza inajizima tena na kuwaka kama mpya. Hata chaji ikikata katikati, amri ile haijafutwa, kwa hiyo ikiwaka inaendelea na kazi. Ukiona imezima mara mbili, usihangaike.

Kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya hapo huwa kunachelewa, maana tableti inatengeneza funguo mpya za usimbaji fiche na kuzitayarisha programu zote zilizokuja na mfumo. Kwa tableti ya zamani, nembo kukaa dakika kumi hadi kumi na tano si ajabu. Wengi wanakata tamaa dakika ya tano, wanashikilia kitufe, na kuikatiza kazi iliyokuwa inakwenda vizuri. Tofautisha mambo mawili: nembo iliyotulia muda mrefu, na nembo inayotokea, inapotea, inatokea tena. Ya kwanza iache. Ya pili, ikijirudia mara tatu nne na kukatikia palepale, hiyo ndiyo yenye tatizo.

"Ilikuwa na asilimia 40, kwa hiyo si betri"

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu betri ndiyo inayosahaulika kuliko vyote.

Asilimia unayoiona kwenye kioo ni makadirio. Betri iliyozeeka inaweza kuonyesha 40 na isiweze kubeba mzigo wa kuwaka. Wakati wa kuwaka, prosesa inafanya kazi kwa nguvu zake zote, hifadhi inasomwa mfululizo, kioo kinang'aa, na vyote vinavuta umeme kwa pamoja. Ndani ya betri chakavu ukinzani umeongezeka, kwa hiyo ikivutwa hivyo volti zake zinaporomoka, na saketi ya ulinzi inakata. Ikishakata, mzigo umeondoka, volti zinapanda tena, tableti inajaribu kuwaka. Inakatika tena. Ukiitazama kwa nje utaapa kwamba ni programu.

Dalili zake zinaonekana. Inafika mbali zaidi ikiwa kwenye chaja kuliko ikiwa peke yake. Asilimia zinaruka, kutoka 35 hadi 9 bila kupita katikati. Kioo kimeinuka kidogo pembeni, au mgongo umebenuka na ukiiweka mezani inayumba. Ukiona hilo la mwisho, acha kila kitu: usiichaji, usiikandamize ili irudi sawa, mpelekee fundi abadilishe betri. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.

Na chanzo cha umeme kina uzito wake. Tundu la kawaida la USB 2.0 kwenye kompyuta linatoa miliampia 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Chaja nyingi za tableti hutoa wati 10 au zaidi. Anayesema "nimeichomeka kwenye kompyuta muda wote" mara nyingi hakuichaji kitu. Tumia chaja yake, waya mzima, tundu la chaji lisilolegea. Kama tableti haikubali kukaa imezimwa, ingia kwenye menyu ya urejeshaji kwa kushikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha sauti, chagua "Power off", kisha ichaji saa moja au zaidi ndipo ureseti ikiwa bado kwenye chaja.

Menyu hiyo ni kipimo kizuri pia. Iache ikiwa hapo, usiguse kitu. Mfumo wenyewe haujawashwa na mzigo ni mdogo. Ikizima hata hapo, karibu hakika tatizo ni kifaa, wala si programu. Ikitulia, shaka inaelekea zaidi kwenye mfumo au hifadhi, ingawa betri dhaifu bado inaweza kutulia pale kwa sababu haijavutwa sana.

"Vitufe havihusiani na kureseti"

Vinahusiana sana. Kwenye tableti nyingi, kushikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi hivi kunailazimisha kuzima na kuwaka, hata ikiwa katikati ya kazi. Kitufe kilichonasa kinafanya hivyo hivyo bila mkono wa mtu. Vua kava kwanza, maana kava lililojikunja kona huwa linakibonyeza kitufe siku nzima. Kisha kitazame kitufe kwa pembeni: kimetokeza sawa na vile vya sauti, au kimezama? Kibonyeze polepole, usikilize kama kinalia na kurudi. Uchafu wa vumbi na jasho unatosha kukigandisha. Dalili kubwa ni muda: tableti inazima kila baada ya sekunde zilezile, iwe kwenye nembo, iwe kwenye menyu, iwe inafuta. Na inayokimbilia menyu ya urejeshaji kila ikiwaka, bila kuamriwa, kagua kitufe cha sauti.

"Ni virusi"

Mara chache sana. Programu hasidi hutaka kifaa kiendelee kufanya kazi ili iibe au ionyeshe matangazo. Kifaa kinachozima kila dakika hakiifai. Nyingi zinakaa kwenye sehemu ya data na kufutika na kureseti. Zipo zinazojichimbia hadi sehemu ya mfumo, kama xHelper iliyojulikana mwaka 2019 kwa kurudi hata baada ya kureseti, na dawa ya hizo ni ileile ya kuuweka mfumo upya.

"Memori kadi iache, haifutwi"

Kwa kawaida haifutwi kweli. Lakini kadi mbovu inaweza kuukwamisha mfumo unapojaribu kuisoma wakati wa kuwaka, kwa hiyo itoe, na laini itoe. Angalizo moja: tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, kadi inaweza kuunganishwa na tableti ikawa kama hifadhi ya ndani. Kadi ya namna hiyo imesimbwa kwa ufunguo uliomo ndani ya tableti. Ukireseti, ufunguo umekwenda, na picha zilizokuwa kwenye kadi hazisomeki tena popote.

"Tableti yenyewe imeniambia nireseti, sina jinsi"

Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, mfumo una mlinzi wa ndani. Sehemu muhimu za mfumo zikianguka na kuanza upya mara nyingi mfululizo, anajaribu kurekebisha mipangilio hatua kwa hatua, na akishindwa anakufikisha kwenye ukurasa wenye maandishi mawili: "Try again" na "Factory data reset". Chagua la kwanza kabla ya la pili. Toa kadi, vua kava, ichaji vya kutosha, ujaribu tena. Kwenye vifaa vya kisasa data imesimbwa, na kufuta kukishaanza funguo zinaharibiwa; hakuna fundi atakayezirudisha picha. Kwa iPad iliyokwama, iunganishe na kompyuta ikiwa kwenye hali ya urejeshaji na uchague kusasisha kwanza, maana kusasisha kunauweka mfumo upya bila kufuta vitu vyako. Upakuaji ukizidi dakika 15, iPad inatoka kwenye hali hiyo. Subiri umalizike, uirudishe, uendelee.

"Faili lolote la kuflashi la aina hiyo litafaa"

Hapana. Tableti mbili zenye jina moja, moja ya Wi-Fi tu na nyingine ya laini, zina mifumo tofauti. Soma namba kamili ya modeli mgongoni, pamoja na herufi za mwisho, na utumie faili la mtengenezaji. Baadhi ya tableti zinakataa toleo la zamani kuliko lililopo. Faili lisilo lake linaweza kuifanya isiwake kabisa, hata hiyo nembo usiione.

"Nikireseti kwa vitufe, nenosiri la zamani halitaulizwa"

Litaulizwa. Android ina kinga ya wizi inayodai akaunti ya zamani tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na iPad tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Wengine wanaliona ombi la akaunti na kudhani kureseti kumefeli, wanaanza upya. Kumefaulu, weka akaunti ile ya mwanzo.

"Vitu vyangu vimerudi, ina maana akaunti imevirejesha"

Nakala zilizohifadhiwa mtandaoni hazirudi mpaka uunganishe intaneti na uingie kwenye akaunti. Tableti ikiwaka baada ya kureseti na kukuletea picha ileile ya nyuma, programu zilezile, saa za kuamka zilezile, na haijakuuliza hata lugha, hakuna kilichofutwa. Jaribu kufuta picha moja, uizime na kuiwasha. Picha ikirudi, chipu ya hifadhi imechoka na imejifunga: inasomeka lakini haikubali kuandikwa. Ndiyo maana kureseti kunaanza, kunakwama, na kifaa kinarudi pale kilipokuwa jana.

Hapo usipoteze muda na kuflashi, maana mfumo mpya nao hauandikiki. Tumia nafasi hiyo kunakili kila unachokitaka kupitia kompyuta wakati inawaka. Kuitengeneza ni kubadilisha chipu au bodi nzima, na kwa tableti nyingi za bei ya chini gharama haziwiani na thamani yake. Ukiamua kuachana nayo, usimpe mtu wala kuiuza ikiwa hivyo, kwa sababu ujumbe na akaunti zako bado zimo ndani na hakuna kitufe kitakachozifuta. Badilisha manenosiri, uiondoe tableti kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yako ukiwa kwenye kifaa kingine, kisha umwambie fundi akutolee bodi ubaki nayo.