Tasnifu sio lazima umhoji balozi jamani

Juzi tena. Binti wa mwaka wa tatu kaingia ofisini, shikamoo dokta, marahaba, chapta ya nne iko wapi? "Dokta data sijapata, ile ofisi hawajanijibu." Barua ya kuomba intavyuu kaipeleka Novemba, sasa hivi masika imeanza na kila akipiga simu anaambiwa inafanyiwa kazi. Topiki yake: kwa nini nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziligawanyika kwenye kura ya UN kuhusu Ukraine. Nikashika kichwa.

Hii ndo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba tasnifu ya uhusiano wa kimataifa haiandikiki mpaka umkalishe mkubwa fulani mbele ya rekoda. Sio kweli bana. Kura yenyewe, ya azimio la kuitaka Urusi itoke Ukraine, ilipigwa hadharani Baraza Kuu, Machi 2, 2022, nchi 141 zikakubali, 5 zikakataa, 35 zikajizuia. Kenya na Rwanda zilikubali, sisi Tanzania na Uganda, Burundi na Sudan Kusini tukajizuia. Orodha nzima ipo kwenye maktaba ya UN mtandaoni, bure, haihitaji muhuri wa mtu. Tena Kenya mwaka huo ilikuwa na kiti Baraza la Usalama, na ile hotuba ya balozi wake Martin Kimani ya Februari 21, aliyoongelea mipaka ya kikoloni, inasomeka neno kwa neno. Nikachukua karatasi tukachora jedwali, nchi sita zilizokuwa kwenye Jumuiya wakati ule kushuka chini, halafu kura, maelezo iliyotoa, biashara yake na Urusi, ilivyopiga kura kama hizo huko nyuma. Nusu saa tu, keshapata kazi ya wiki tatu.

Na huyo mkubwa ukimpata atakwambia nini? Atakwambia Tanzania haifungamani na upande wowote, kitu ambacho ulikijua tangu sekondari, na chai utakunywa. Intavyuu nenda nayo mwisho, ukishajua swali gani nyaraka zimeshindwa kulijibu. Kama topiki yako ni ya zamani, mfano Nyerere kuvunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), panda daladala nenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana pale maktaba, ukafunue magazeti ya enzi hizo. Beba penseli.

Halafu kuna hili la kwestionea, yaani dodoso, eti bila watu 100 sio utafiti. Mmoja alizigawa Kariakoo, anamuuliza muuza vitenge kama "anakubali sana" au "anakubali kiasi" kwamba diplomasia ya uchumi imefanikiwa. Mama wa watu kaweka tiki zote safu moja arudi kwa wateja wake. Hiyo inapima maoni ya watu, kama swali lako ni sera imetungwaje umepotea njia.

Topiki kubwa nayo haikupi maksi. "Ushawishi wa China Afrika" ni kazi ya kustaafia, chukua TAZARA, ile reli iliyojengwa kwa msaada wa China, na miaka michache, inatosha. Na nadharia sio pambo la chapta ya pili, kama haikwambii utafute nini kwenye data yako itoe tu.

Jana yule binti kanitumia meseji, jedwali limejaa, Uganda ndo inamsumbua. Barua bado inafanyiwa kazi.