Kugeuza kiwanda cha kale kuwa ofisi: maana yake

Ni kulibakiza jengo la kiwanda (kuta, nguzo na sura yake ya nje) na kulipa kazi mpya. Ukarabati wa kawaida hulirudisha jengo kwenye kazi ileile. Hapa, lililojengewa mashine linatakiwa likae watu.

Uzito kwa kawaida si tatizo. Sakafu ya ofisi hukadiriwa kubeba kilo 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, na sakafu nyingi za viwandani zilibeba zaidi. Kinachokosekana ni mwanga: ule wa dirishani hufaa mita 6 au 7 tu kuingia ndani. Ndiyo maana katikati huachwa uwazi mpaka juu, kama ilivyofanyika Battersea Power Station, London, kituo cha umeme kilichozimwa 1983 na kufunguliwa upya 2022, ofisi za Apple zikiwa palipokuwa na maboila.

Adui mkubwa ni unyevu, na mara nyingi fundi ndiye humkaribisha. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa hunyonya maji na kuyatoa. Ukizipiga lipu ya saruji, maji hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma yake, na uso wa tofali huanza kumeguka. Viungo vya kati ya matofali vilivyolika vikwanguliwe kwa patasi, kina kisipungue mara mbili ya upana wa kiungo, kisha vijazwe chokaa sehemu 1 kwa mchanga 3. Grainda ina haraka, lakini hukata kingo za matofali, na kingo hazirudi.

Nguzo za chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) hustahimili kugandamizwa ila huvunjika ghafla zikivutwa au kupindwa. Usizichomelee, joto huzipasua. Funga vipande vipya kwa vibano na bolti, na dhidi ya moto zipake rangi inayofura kwa joto. Zege nalo lina ugonjwa wake: nondo zikishika kutu hutanuka na kulipasua. Mabomba manne ya moshi ya Battersea yalibomolewa kwa sababu hiyo, yakajengwa upya kwa umbo lilelile.

Asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), rangi yenye madini ya risasi na mafuta yaliyozama ardhini vipimwe kabla ya kukubaliana bei na mkandarasi. Vikigunduliwa kazi ikiwa katikati, eneo hufungwa na gharama za kusubiri humwangukia mwenye jengo.