Kula vizuri mpaka unaumia: tunayoyaamini na ukweli wake

Mdogo wangu alikuwa anaweza kusimama mbele ya rafu za vyakula dakika 40, anashika pakiti, anasoma yale maandishi madogo ya nyuma, anairudisha, anashika nyingine, anasoma, anairudisha, mwishowe anatoka mikono mitupu na akiingia tu kwenye gari analia. Na sisi nyumbani tulikuwa tunamsifia jamani. Tunamwambia wewe una nidhamu, laiti na sisi tungekuwa kama wewe, tunamwomba atupangie daieti. Miaka miwili mizima tunampigia makofi mtu anayezama, na hilo ndo linanifanya niandike haya, maana hatukuwa watu wabaya, tulikuwa tunaamini vitu ambavyo sio kweli.

Kitu chenyewe kina jina, kinaitwa othoreksia, yaani mtu kushikwa na kula "vizuri" mpaka kunamuumiza. Jina alilitunga daktari mmoja Mmarekani, Steven Bratman, mwaka 1997, kutoka maneno mawili ya Kigiriki, orthos yaani sahihi, na orexis yaani hamu ya kula. Na wala hakulitoa hewani, yalimkuta mwenyewe. Enzi zile anaishi na kulima kwenye jumuiya ya watu wa vyakula vya asili, alifika mahali akawa hali mboga iliyokaa zaidi ya dakika 15 tangu ichumwe, na kila tonge analitafuna mara 50. Hebu ifikirie hiyo hesabu, kila tonge, kila mlo, kila siku, akili inabaki na nafasi ya kuwaza kitu gani kingine?

DHANA: Kula vizuri hakuwezi kuzidi, hakuna aliyewahi kuumwa kwa sababu ya mboga.

Hii ndo mama wa zote. Kiukweli miongozo ya kawaida ya afya haina masharti makali hata kidogo, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku na chumvi isifike gramu 5, na hata siku ukizidisha au ukipunguza hakuna mlinzi anayekuja kukukamata. Mtu anayekula vizuri kwa kawaida anajua hivyo, akialikwa anakula kilichopo, kesho anaendelea na utaratibu wake, hata hakumbuki.

Mwenye othoreksia hana hiyo kesho. Kwake kosa moja limechafua kila kitu, na lazima alipe, kwa kufunga, kwa kukimbia kilomita za ziada, kwa kukata kitu kingine tena kwenye orodha. Ndo maana orodha huwa inapungua tu, haiongezeki. Mdogo wangu alianza na sukari, ambayo kwa kweli nani angebisha? Baada ya sukari vyakula vya pakiti, halafu ngano, halafu maziwa, halafu mafuta yoyote yaliyopita kwenye moto, halafu matunda ambayo ni matamu sana, mwisho alibakiwa na vitu 11. Nilivihesabu mwenyewe, alikuwa ameviandika kwenye daftari kwa wino wa kijani.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu ameshavuka mstari usiangalie sahani yake, maana sahani inaweza kuwa nzuri kuliko yako. Angalia kinachotokea mpango ukivurugika. Akichelewa nyumbani na chakula "chake" hakipo, anafanyaje? Ana masaa mangapi kwa siku ya kuwaza, kupima, kutafuta na kuandaa chakula? Ameacha kwenda wapi? Siku ya besdei ya mtoto wangu, mdogo wangu alipewa kipande cha keki, akakipokea kwa tabasamu, akakizungushia tishu taratibu huku anaongea na watu, na baadaye nikaikuta ile tishu nyuma ya pazia. Mtoto alikuwa amemsubiri mamdogo wake aonje keki yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

DHANA: Hiyo si anoreksia tu, anataka kukonda.

Ni ndugu, lakini sio kitu kimoja. Kwenye anoreksia hofu kubwa ni uzito na umbo, mtu anahangaika na KIASI. Kwenye othoreksia mtu anahangaika na UBORA, usafi wa chakula, kinatoka wapi, kimepikwaje, kina nini ndani. Na wa kwanza mara nyingi anaficha anachofanya, wa pili anatangaza, anajivunia, anakuhubiria na wewe. Ndo maana hatukushtuka, sisi tulizoea kwamba mwenye matatizo ya ulaji anajificha, huyu wa kwetu alikuwa anatufundisha mezani!

Ila usishike hilo kama ukuta. Wapo wanaoanza na "nataka kula safi" wakaishia kwenye anoreksia kamili, wapo waliopona anoreksia wakahamia huku kwa sababu huku wanasifiwa. Na mwili uliokosa nishati haujui ulinyimwa kwa sababu gani, unaumia vilevile.

DHANA: Basi kila asiyekula nyama au anayekwepa gluteni, ile protini ya kwenye ngano, ni mgonjwa.

Hapana. Mwenye ugonjwa wa siliaki, na ni kama mtu 1 katika kila 100, gluteni inamuumiza utumbo kweli kweli, lazima aiache. Mwenye mzio, mwenye kisukari, anayefunga kwa imani yake, anayeacha nyama kwa sababu anawaonea huruma wanyama, wote hao wana mipaka na wanaishi vizuri ndani yake. Tusiwasumbue.

Nachoomba uangalie ni ile mipaka ambayo haina daktari wala sababu inayoeleweka na kila mwezi inasogea ndani zaidi. Na hapa niseme kitu kuhusu vile vipimo vya damu vinavyouzwa vya kukuambia "mwili wako haupatani na vyakula hivi 60", vinavyopima kingamwili za IgG. Vyama vya madaktari wa mzio Ulaya na Marekani vimeshasema wazi havifai kwa kazi hiyo, maana hizo kingamwili zinaonyesha zaidi kwamba chakula umeshakila, basi. Mtu mwenye wasiwasi ukimkabidhi karatasi ya vyakula 60 vya kuogopa umemmaliza.

DHANA: Haipo kwenye vitabu vya madaktari, kwa hiyo ni maneno ya mitandaoni.

Nusu ya hii ni kweli, kwa hiyo nitaenda nayo taratibu. Ni kweli othoreksia haina nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea kwenye DSM-5, ule mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka 2013, wala kwenye ICD-11, ile orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Watafiti bado wanabishana, wengine wanaiona ni tawi la anoreksia, wengine inawakumbusha zaidi ile hali ya mtu kurudiarudia mambo bila kuweza kujizuia, kama yule anayenawa mikono mara 30.

Lakini kukosa namba kwenye kitabu sio kukosa maumivu. Mwaka 2016 Bratman na mwenzake Thom Dunn walipendekeza vigezo vya kuitambua, na 2022 kundi la wataalamu 47 kutoka nchi 14 likatoa maelezo ya pamoja ya hali hii ni nini. Na daktari ambaye hana hilo jina kwenye mwongozo wake bado anaweza kukutibu, kuna kundi lingine limo humo kwenye DSM-5 la watu wanaokwepa vyakula mpaka mwili unakosa lishe, wengine huingizwa hapo kama hofu yao haihusu uzito au umbo.

Ile unayoiona mtandaoni "nusu ya watu wana othoreksia" usiiamini haraka. Dodoso lililotumika sana, ORTO-15, limelaumiwa na wataalamu wenyewe kwamba linawakamata hata watu wanaojali tu wanachokula. Kwa hiyo tafiti moja inakupa asilimia ndogo kabisa na nyingine inakupa zaidi ya 50, kipimo kibovu ndo kimeleta hivyo.

DHANA: Mwili umejaa sumu, lazima uusafishe.

Una ini na una figo. Vinasafisha usiku na mchana, bila juisi. Na zile smuthi za majani mabichi kila siku kwa wingi, majani mengine yana oksaleti nyingi, yaani kemikali inayoweza kuganda kwenye figo, na kuna watu wameishia kuharibika figo kwa hizo hizo juisi za kusafisha mwili, madaktari wameandika kesi zao. Nimalize hapo maana nikiendelea nitakasirika.

DHANA: Kama kuna kitu kinakosekana, mwili utamwambia.

Laiti. Mwili unaweza kukaa kimya muda mrefu sana. Vitamini B12 kwa mfano, kwa asili inapatikana kwenye vyakula vya wanyama, ini lina akiba ya kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anaacha vyote bila kutumia vidonge wala vyakula vilivyoongezewa, anajisikia mzima mwaka wa kwanza, wa pili, anakwambia unaona? halafu ganzi inaanza miguuni, na mishipa ya fahamu ikishaharibika sana sio yote hurudi. Mifupa nayo haisemi. Msichana akipungukiwa nishati hedhi inakata, estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, mifupa inapoteza uimara katika miaka ileile ilipaswa kuwa inajijenga, na yeye anaona ni nafuu maana hasumbuliwi tena na maumivu ya kila mwezi. Mdogo wangu miezi 7 hakupata hedhi na hakumwambia mtu yeyote.

Na kuna hili ambalo lilinifungua macho kuliko yote. Mwisho wa 1944 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume wenye afya na akili timamu waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa wiki 24 mpaka wakapoteza kama robo ya uzito wao. Hawakuwa na tatizo lolote na chakula kabla ya hapo. Wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wanakusanya mapishi, mlo mmoja wanauvuta mpaka masaa mawili, wanakuwa wakali, wanajitenga, hamu ya wanawake imeisha, wanaota chakula. Yaani NJAA yenyewe ndo inatengeneza ile akili ya kuwaza chakula masaa yote. Kwa hiyo mtu anayejinyima ili aitawale njaa yake anazidi kuyalisha hayo mawazo, na hapo mashauri ya "acha kuwaza sana" hayana kazi, ubongo wake una njaa.

DHANA: Ni ugonjwa wa mabinti wa mitandaoni.

Tafiti hazijaonyesha tofauti ya kueleweka kati ya wanaume na wanawake. Wapo wanaume wa jimu wanaopima kuku kwa gramu na kugoma kusafiri kwa sababu mizani haiingii kwenye begi, wapo wanariadha, wapo hata wanaosomea lishe. Mitandao inachangia, utafiti mmoja wa Uingereza wa 2017 ulikuta kadiri mtu anavyotumia zaidi Instagram ndivyo dalili zinavyoongezeka, ingawa huo hausemi nani alimleta mwenzake.

DHANA: Mwambie ale tu, akijikaza ataweza.

Tulimwambia. Tulimwekea sahani mbele, tukakaa kumwangalia, baba akapaza sauti. Alitetemeka mikono, na wiki iliyofuata akahamia kwa rafiki yake. Kilichosaidia ni nilipoacha kuongelea chakula kabisa, nikamwambia mdogo wangu nakukosa, zamani tulikuwa tunacheka mezani. Akanyamaza muda, akasema "dada, nimechoka". Hapo ndo safari ya hospitali ilianza.

Kingine watu hawakijui, aliyekaa muda mrefu na chakula kidogo mno hatakiwi kushindiliwa ghafla. Madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kwenye damu zinaweza kuporomoka na moyo ukayumba, hii ilionekana sana kwa mateka waliolishwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo anza na daktari na vipimo. Anayezimia, anayehisi moyo unaruka, aliyepungua haraka sana, huyo ni wa kupelekwa leo.

Baada ya hapo ni mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa saikolojia wakifanya kazi pamoja. Wa kwetu walimwambia aandike vyakula na mambo anayoyaogopa, kutoka dogo mpaka kubwa, halafu anajaribu kimoja kimoja, anakaa na ile hofu bila kulipa adhabu, mpaka inashuka yenyewe. Aliandika vitu 14. Mkate ulikuwa wa tatu, ulimchukua wiki 5. Sasa hivi yuko wa 9, ambao ni kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine bila kuingia jikoni kuangalia, na mpishi atakuwa mimi, Jumamosi.