Je, wajua kwa nini sauti ya Bing Crosby inasikika safi leo kuliko ilivyosikika enzi zake?

Ukisikiliza mkusanyiko wa nyimbo za Bing Crosby uliofanyiwa masteringi upya vizuri, yaani rekodi za zamani kusafishwa na kuandaliwa ili zitolewe tena, kinachokugusa kwanza ni ukaribu. Mmarekani huyu alizaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 1977, lakini anaimba kana kwamba mmeketi naye chumba kimoja. Unamsikia akivuta pumzi, unasikia midomo ikifunga neno. Walionunua santuri hizohizo zikiwa mpya dukani hawakuyasikia yote hayo. Inawezekanaje, wakati hakuna aliyerudi studio kuongeza chochote?

Ni kwamba yote yalikuwemo tangu siku ya kurekodi. Yalifunikwa na vyombo vilivyoibeba sauti hadi kwa msikilizaji, na fundi wa leo anafunua tu.

Na kwa Crosby kuna mengi ya kufunua. Kabla ya mwaka 1925, mwimbaji alipaza sauti mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyosukuma sindano ichore kwenye nta. Mwenye sauti ya taratibu hakuwa na nafasi. Mwaka huo kampuni za Victor na Columbia zikaanza kurekodi kwa umeme, na maikrofoni ikawafungulia mlango waimbaji wa kubembeleza. Crosby aliisogelea kama anayezungumza na mtu mmoja. Maikrofoni za utepe, zenye kipande chembamba cha madini ndani kinachotikiswa na sauti, zilitumika sana studio na redioni miaka ya 1930, nazo zina tabia yake: ukizikaribia, besi inanenepa. Ule uzito wenye joto unaosikika kwenye sauti yake ulitoka kooni mwake, na chombo nacho kikauongezea. Kwa mwimbaji wa namna hii, pumzi na mnong'ono ndio wimbo wenyewe, na hivyo ndivyo vitu vinavyopotea mwanzo.

Vilipotea wapi? Kwanza, kwenye santuri. Zile za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Asia uliochanganywa na unga wa mawe. Unga uliifanya santuri istahimili sindano nzito ya chuma, lakini pia ndio ulioleta ule mchakacho usiokoma, kama samaki kikaangoni. Kila santuri ilipopigwa, sindano ilizidi kuila mifereji yake.

Pili, kiwandani. Mchoro wa kwanza ulipakwa madini kwa umeme ili kupata nakala mama ya chuma, na kutokana na hiyo zikatoka mihuri ya kugandamizia santuri. Chuma nacho huchoka. Crosby alirekodi "White Christmas", utunzi wa Irving Berlin, Mei 1942 katika kampuni ya Decca. Santuri ziliuzwa kwa wingi kiasi kwamba nakala mama ikachakaa kwa kutumika, na Machi 1947 ikabidi aite tena okestra ya John Scott Trotter na waimbaji wa Ken Darby, waurekodi upya kwa kufuata ule wa kwanza kadiri walivyoweza. Mikusanyiko mingi ya leo ina huo wa 1947. Utautambua pale mwanzoni: kuna filimbi na selesta, kinanda kidogo chenye mlio wa kengele, ambavyo havimo kwenye ule wa 1942. Mimi huona toleo lolote lisilotaja mwaka wa kurekodi linamnyima msikilizaji haki yake.

Kwa hiyo kazi ya fundi sauti huanza stoo, kabla hajawasha kompyuta. Anatafuta chanzo kilicho karibu zaidi na siku ya kurekodi: kile chuma chenyewe kikipatikana, la sivyo santuri ya majaribio ambayo haijapigwa sana. Anaiosha, kisha anachagua sindano. Hapa kuna ufundi wa kupendeza: sindano za zamani zilikwaruza kina fulani cha mfereji, hivyo fundi huweka yenye ncha nene au nyembamba kidogo ili ipite juu au chini ya pale palipolika, kwenye ukuta ambao bado ni mzima. Anapima pia mwendo, kwa sababu si kila mtambo ulizunguka mara 78 kamili, na ukikosea mwendo, sauti ya mwimbaji inapanda au kushuka.

Ndipo kompyuta inaingia. Programu hutambua mpasuko wa ghafla, mfupi mno, ikauondoa na kuziba pengo kwa kufuata sauti iliyo kabla na baada yake. Mvumo hushughulikiwa kwa kupima kelele tupu iliyopo kabla wimbo haujaanza, kisha kuipunguza wimbo mzima. Hapo ndipo wengi huharibu. Mvumo na pumzi ya mwimbaji vinafanana sana masikioni mwa mashine, na fundi mwenye pupa huviondoa vyote viwili. Kinachobaki ni sauti ya plastiki, safi na isiyo na mtu ndani yake. Heri mchakacho kidogo.

Crosby mwenyewe alisaidia kumaliza shida hii. Alichoka kurudia kipindi kilekile cha redio mara mbili kwa siku, mara moja kwa pwani ya mashariki na mara nyingine kwa ya magharibi. Mwaka 1947 akaonyeshwa mashine ya mkanda wa sumaku iliyoletwa kutoka Ujerumani na mwanajeshi wa Marekani, Jack Mullin. Akaipenda, akaweka dola 50,000 kwenye kampuni ndogo ya Ampex iliyokuwa ikiunda mashine za namna hiyo. Muda si mrefu studio zikahamia kwenye mkanda, ndiyo maana nyimbo zake za miaka ya 1950 hazihitaji matibabu mengi. Wapenzi wa zilipendwa wanaijua tofauti hii: wimbo uliotolewa moja kwa moja kwenye mkanda wa Redio Tanzania Dar es Salaam, na uleule ulionakiliwa kaseti kwa kaseti, havikaribiani hata kidogo.

Ukitaka kulinganisha matoleo mawili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Sikio hupenda kilicho juu zaidi, na yapo matoleo yasiyo na jipya ila kupandishwa sauti tu. Kisha sikiliza herufi "s" kama inachoma, pumzi kabla ya mstari kuanza, na noti ya mwisho: je, inafifia yenyewe hadi kwisha, au imekatwa ghafla kelele ilipoondolewa?